Gari la Kwanza la Michezo kwa Mwenye Fedha za Kuhesabu

Gari la michezo, ambalo mitaani huitwa gari la spoti, ni gari lililoundwa kwa kutanguliza wepesi wa kuitikia usukani, breki na kanyagio la mafuta, huku nafasi ya abiria na mizigo ikifikiriwa baadaye, na ndiyo sababu kimo chake huwa cha chini, springi zake huwa ngumu kuliko za gari la familia, na viti vyake vya nyuma, pale vinapokuwepo, huwafaa watoto kuliko watu wazima. Anayelitaka gari la aina hiyo kwa safari ya kila siku ya kwenda kazini na kurudi, tena akiwa na fedha za kuhesabu, kwa kawaida huanza kwa kuuliza lina nguvu kiasi gani na linauzwa shilingi ngapi. Maswali hayo mawili ndiyo yanayowaingiza wengi hasarani, kwa kuwa nguvu kubwa haina pa kutumika katika foleni ya Barabara ya Mombasa jijini Nairobi au Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam, na bei iliyobandikwa kwenye kioo ni sehemu ya kwanza tu ya gharama. Maswali ya maana zaidi ni uzito wa gari, kiasi ambacho limechezewa na wenye kulimiliki kabla, na akiba ambayo mnunuzi atabaki nayo siku atakapokabidhiwa ufunguo.

Uzito unatangulia kwa sababu unagusa kila kitu kingine. Gari jepesi huondoka kwa nguvu kidogo, husimama kwa breki ndogo na hukata kona kwa matairi ya kawaida, na breki na matairi ni vitu vinavyochakaa na kununuliwa tena na tena. Mazda Roadster, inayoitwa MX-5 nje ya Japani, ilitoka mwaka 1989 ikiwa na viti viwili na injini ya lita 1.6, na kizazi chake cha nne, cha mwaka 2015, kilianza Japani na toleo la kilo 990 lenye nguvu za farasi 131, kiasi ambacho sedani nyingi za familia hukipita. Toyota 86 ya mwaka 2012, iliyobuniwa kwa ushirikiano na Subaru ambayo nayo iliiuza kwa jina la BRZ, ilifuata njia hiyo hiyo: chini ya mhandisi mkuu Tetsuya Tada ilipewa injini ya lita mbili isiyo na turbo, nguvu za farasi 200, uzito wa kilo 1,200 hivi, na matairi yenye upana wa milimita 215 tu, ambayo kwa makusudi hayang'ang'anii lami kupita kiasi, ili dereva auhisi mwenendo wa gari hata akiwa katika mwendo wa kawaida. Jina lake linatokana na AE86, Toyota ndogo ya mwaka 1983 iliyokuwa na nguvu za farasi 130 na uzito usiofika tani moja. Ndani ya miji ya Kenya na Tanzania, ambako sheria inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa, raha inayopatikana kwa uhalali ni ya aina hiyo, yaani usukani unaoitika mara moja, gia inayoingia kwa mkono vizuri na gari linalogeuka kwenye mzunguko wa barabara bila kuyumba, na raha hiyo haihitaji farasi 300.

Magari mengi ya michezo yanayopatikana kwa bei nafuu Afrika Mashariki yametoka Japani, na sababu zake zinaeleweka. Japani huendesha upande wa kushoto kama Kenya, Tanzania na Uganda, hivyo usukani tayari uko kulia. Aidha, sheria ya huko humtaka mwenye gari alipeleke kwenye ukaguzi uitwao shaken, mara ya kwanza baada ya miaka 3 na baadaye kila baada ya miaka 2, na gharama za ukaguzi huo, pamoja na kodi inayopanda gari likishapita miaka 13, humfanya aone heri kuliuza kuliko kuendelea kulilipia. Kodi ya kila mwaka ya Japani hupangwa kwa ukubwa wa injini katika ngazi za nusu lita, ndiyo maana injini nyingi za magari haya huishia chini kidogo ya sentimita za ujazo 2,000: Subaru Impreza ya turbo ina 1,994 na Toyota 86 ina 1,998. Mpango huo wa Wajapani umemfaa mnunuzi wa Tanzania bila mtu kukusudia, kwa kuwa ushuru wa bidhaa wa Tanzania nao hupanda injini inapovuka 2,000. Nchini Kenya mstari huo umechorwa kwenye 1,500, jambo linalofanya magari yenye injini ndogo yastahili kutazamwa kwa jicho jingine.

Sheria, kwa kweli, humchagulia mnunuzi kabla yeye hajachagua. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, kwa hiyo magari mashuhuri ya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 yanaweza kupatikana huko kwa watu waliokwisha kuyamiliki tu. Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018. Tanzania huyaruhusu magari makuukuu, lakini hutoza ushuru wa ziada kwa sababu ya uchakavu kuanzia umri wa miaka 8, na gari linalozidi miaka 10 hutozwa zaidi. Kodi hizi hupandana kama matofali: ushuru wa forodha huhesabiwa kwanza, ushuru wa bidhaa huhesabiwa juu ya jumla ya thamani ya gari na ushuru huo, na kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 16 Kenya na asilimia 18 Tanzania na Uganda, huhesabiwa juu ya vyote. Tena msingi wa hesabu ni thamani inayotambuliwa na mamlaka ya mapato, hata kama mnunuzi alipata bei nzuri mnadani. Mamlaka ya Mapato Tanzania ina kikokotoo mtandaoni kinachoonyesha kodi ya gari kabla ya kuagizwa, na ile ya Kenya hutoa orodha ya thamani za magari, kwa hiyo hakuna sababu ya mtu kutuma fedha Japani kabla ya kuijua jumla yote.

Kwa wanunuzi wa nchi zinazoruhusu magari ya zamani, na kwa Wakenya wanaonunua yaliyokwisha kuingia, Toyota Altezza imebaki chaguo la kuheshimiwa. Iliundwa kuanzia mwaka 1998 hadi 2005, ikatwaa tuzo ya gari la mwaka nchini Japani kwa msimu wa 1998–1999, na ina milango minne, viti vya watu watano na msukumo wa magurudumu ya nyuma, yaani injini huzungusha magurudumu ya nyuma huku ya mbele yakibakiwa na kazi ya kugeuza tu. Ilitoka na injini mbili. RS200 ina silinda nne na nguvu za farasi 210 kwa giaboksi ya mkono, na hiyo ndiyo inayosakwa na vijana; AS200 ina silinda sita zilizopangwa kwa mstari na nguvu za farasi 160, na wengi huidharau kwa uzito wake wa kuondoka. Kwa safari ya kazini dharau hiyo haina msingi. Injini ya AS200 ni 1G, ile ile iliyofungwa kwenye Mark II na Crown, ambayo mafundi wa Tanzania wameifungua na kuifunga kwa miaka mingi, na vipuri vyake hupatikana Kariakoo bila kuhangaika, ilhali ile ya RS200 ni ya pekee na baadhi ya vipuri vyake, zikiwemo valvu za titani za toleo la giaboksi ya mkono, si vya kuokotwa dukani.

Subaru Impreza WRX inahitaji maelezo marefu zaidi, kwa kuwa ndiyo inayopendwa kuliko zote na ndiyo inayomaliza fedha za wanunuzi wengi. Mapenzi hayo yana historia: Mkenya Patrick Njiru aliendesha Subaru katika mbio za Safari Rally miaka ya 1990, Colin McRae akashinda mbio hizo mwaka 1997 kwa Impreza, na Richard Burns akafanya hivyo tena mwaka 2000, mbele ya watu waliosimama kando ya barabara za vumbi na kuona kwa macho yao gari ambalo baadaye lingeuzwa kwenye yadi za mjini. Injini yake imelazwa, silinda mbili upande wa kushoto na mbili upande wa kulia, hivyo uzito wake hukaa chini na gari hutulia kwenye kona. Magurudumu yote manne husukuma. Na turbo, ambayo ni feni ndogo inayozungushwa na moshi wa injini, husukuma hewa nyingi zaidi ndani ya silinda ili petroli nyingi zaidi iunguzwe. Feni hiyo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikielea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili ikicheleweshwa kubadilishwa, au ikawa ya kiwango duni, turbo ndiyo hufa kwanza, na vipande vyake vikiingia kwenye mzunguko wa oili huibeba na injini.

Kuna pia suala la petroli. Oktani ni kipimo cha uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo bila kujiwakia kabla ya plagi kutoa cheche, na matoleo ya turbo ya Impreza yalipangwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo kiwango chake cha chini kabisa ni oktani 96. Petroli ya kawaida inapotumika, kompyuta ya gari huchelewesha cheche ili kuilinda injini, nguvu hupungua na matumizi ya mafuta huongezeka. Gari ambalo halijaguswa huvumilia hali hiyo kwa kiasi fulani. Gari ambalo mwenyewe amelibadilishia programu ya kompyuta ili turbo isukume hewa zaidi limeondolewa akiba hiyo ya usalama, na hapo injini hugonga, sauti kama ya kokoto ndani ya debe, mpaka pistoni ipasuke. Kwa sababu hiyo Impreza iliyochezewa, yenye bomba kubwa la moshi, springi zilizokatwa na geji za ziada juu ya dashibodi, haifai kuwa gari la kwanza la mtu yeyote anayelitegemea kufika kazini, hata ikiuzwa kwa nusu ya bei ya nyingine. Ile iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani, yenye kumbukumbu za matengenezo na mkanda wa taimingi uliobadilishwa kabla ya kilomita 100,000, ni gari zuri, lakini mnunuzi aingie akijua kwamba atalilipia petroli, oili na plagi kwa kiwango ambacho Altezza haikidai.

Mazda RX-8 ya mwaka 2003 hadi 2012 huonekana sokoni kwa bei inayoshangaza, na bei hiyo ina sababu. Injini yake haina pistoni. Ina rota mbili zenye umbo la pembetatu zinazozunguka ndani ya vyumba vyake, zikizuia hewa isivuje kwa vipande vyembamba vya chuma vilivyo kwenye ncha za pembe. Vipande hivyo huchakaa, injini huunguza oili kwa jinsi ilivyoundwa, na ikiwashwa ikiwa baridi kisha kuzimwa baada ya mwendo mfupi huweza kujaa petroli na kukataa kuwaka tena. Safari fupi fupi ndizo zinazoiumiza zaidi, na safari za kazini mara nyingi ni hizo. Asiye na fundi anayeijua injini hiyo na kifaa cha kuipima mgandamizo aiache.

Chaguo linalostahili kupewa nafasi kubwa kuliko linavyopewa ni Suzuki Swift Sport. Kizazi kilichotoka mwaka 2017 kina uzito wa kilo 970 kikiwa na giaboksi ya mkono, injini ya sentimita za ujazo 1,371 yenye turbo ndogo, nguvu za farasi 140, na mnyororo wa taimingi badala ya mkanda. Ni hachibeki ya milango mitano inayobeba watoto wa shule na mifuko ya sokoni, injini yake iko chini ya mstari wa 1,500 wa Kenya, na magari ya mwisho ya kizazi hicho bado yamo ndani ya miaka 8 inayoruhusiwa. Kwa kuwa kwa nje inafanana na Swift za kawaida zilizojaa mijini, haivutii macho ya wezi wala ya vijana wanaotafuta mashindano kwenye taa za barabarani, na hilo ni jambo jema kwa mtu anayeliegesha gari nje ya ofisi kutwa nzima. Kizazi kilichotangulia, cha mwaka 2011, kina injini ya lita 1.6 isiyo na turbo na nguvu za farasi 136, na kwa Tanzania na Uganda huenda kikawa bora zaidi kwa sababu ya urahisi wa injini yake.

Uteuzi ukishafanyika, kazi inayobaki ni kulichunguza gari moja moja. Gari lililopita mnadani Japani huwa na karatasi ya mnada, yaani ripoti ya mkaguzi inayotaja kilomita zilizosomwa siku hiyo, alama ya hali ya jumla, na mchoro wa bodi wenye herufi: A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni sehemu iliyorekebishwa, na XX ni kipande kilichobadilishwa. Alama ya 4 au 4.5 huonyesha gari lililotunzwa, ilhali herufi R mahali pa namba humaanisha kwamba gari liliwahi kuumia na kutengenezwa. Muuzaji anayesema karatasi imepotea hastahili kulipwa bei ya gari lenye karatasi. Kwa gari linalouzwa likiwa tayari limo nchini, namba za usajili hudanganya kidogo: herufi za namba za Kenya, au huko Tanzania ule usemi kwamba hili ni namba D na lile ni namba E, huonyesha lini gari lilisajiliwa hapa, na mwaka wa kuundwa hutafutwa kwenye kadi ya gari au logibuku.

Muuzaji aombwe asiliwashe gari kabla mnunuzi hajafika, na mnunuzi akifika aweke kiganja juu ya boneti kabla ya kusema lolote, kwa sababu injini iliyopashwa moto mapema imefichiwa kelele na moshi wa kuwaka baridi. Likiwashwa, moshi wa buluu unaoendelea ni oili inayoungua, mweupe mzito usiokoma baada ya injini kupata moto ni maji ya rediata yanayoingia kwenye silinda, na mweusi ni petroli iliyozidi. Kwenye Impreza, harufu ya oili iliyoungua dakika chache baada ya kuwashwa mara nyingi hutokana na gasketi za vifuniko vya valvu zinazodondosha oili juu ya mabomba ya moshi. Klachi hupimwa kwa kupanda kilima polepole katika gia ya tatu kisha kukanyaga mafuta kwa ghafla: mshale wa mizunguko ukipanda huku gari likibaki katika mwendo ule ule, klachi imekwisha. Matairi nayo yasomwe. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne ndani ya duara refu, ambapo 2319 humaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019, na seti nne za tarakimu zisizofanana kwenye gari moja hueleza jinsi mwenye gari alivyokuwa akilitunza. Mpira wa kanyagio la breki uliolika mpaka chuma hauwezi kuwa wa gari lililotembea kilomita 60,000, dashibodi iseme itakavyosema.

Barabara za miji yetu zina hukumu yake pia. Toyota 86 ina nafasi ya milimita 130 kati ya tumbo lake na ardhi, na Swift Sport ya 2017 ina milimita 120, kwa hiyo tuta lililojengwa na wakazi wa mtaa bila kipimo huweza kulikwaruza gari likiwa na watu wanne. Ni busara mnunuzi aipite njia yake yote ya kazini kwa gari hilo wakati wa majaribio, mpaka lango la nyumbani, na si kuzunguka yadi tu. Giaboksi ya mkono hupendeza barabara ikiwa wazi, lakini anayekaa foleni saa mbili kila jioni anapaswa kujiuliza kwa uaminifu kama mguu wake wa kushoto na klachi ya gari vitastahimili, kwa kuwa klachi inayoshikiliwa nusu kwenye mlima wenye foleni huungua kwa kasi.

Bima ya mtu wa tatu, ambayo Tanzania huitwa bima ndogo, ni ya lazima, lakini haimlipi mwenye gari chochote gari lake likiibwa au likigonga mti. Kwa gari la michezo bima kubwa ndiyo inayofaa, na bei yake iulizwe kabla ya ununuzi, kwa kuwa kampuni hutazama thamani na umri wa gari, na marekebisho yasiyotangazwa huweza kuwa sababu ya kukataa kulipa. Ushauri wa kutenga karibu robo ya fedha zote bila kuigusa wakati wa kununua unaweza kuonekana mkali kwa mtu ambaye gari analolipenda limezidi kidogo uwezo wake, lakini robo hiyo ndiyo italipa bima, uhamisho wa umiliki na kazi za mwezi wa kwanza. Umiliki wenyewe uhamishwe kabla fedha yote haijatolewa, baada ya kuthibitisha kwamba gari halina deni la benki.

Kazi za mwezi wa kwanza hazina mvuto, na huanza hata kama muuzaji ameapa kwamba alizifanya juzi: oili ya injini na ya giaboksi, oili ya breki, maji ya rediata, plagi, na mkanda wa taimingi pale ambapo hakuna risiti inayotaja tarehe na kilomita. Kwenye Impreza ya turbo mkanda ukikatika valvu hugongana na pistoni, na gharama ya injini nyingine huzidi kwa mbali gharama ya mkanda. Baada ya hapo huja breki na matairi, yaliyo mazuri kadiri fedha itakavyoruhusu. Mabomba makubwa ya moshi na ringi za kung'aa vinaweza kusubiri mwaka mzima, na kwa kawaida mwenye gari akishaliendesha mwaka mzima likiwa zima hugundua kwamba halikuvihitaji.